Gundi ya Robo Saa

Shemeji yangu alikuwa anaoza binti Bagamoyo, nami nikaamua asubuhi ya siku hiyohiyo kwamba gari langu haliwezi kwenda harusini likiwa na aibu. Aibu yenyewe ilikuwa ule mfuko wa ngozi unaovikwa mkono wa gia. Gari ni la mtumba, liliteremshwa bandarini Dar es Salaam likitokea Japani, na jua lilikuwa limeumaliza mfuko ule kwenye mikunjo, hata ukiingiza gia ya tatu unaona vyuma vya chini. Mpya nilikuwa nao tayari, nimeununua Kariakoo. Nikaenda kwa kijana mmoja mwenye gereji bubu chini ya mwarobaini, si mbali na kwangu, nikamwambia, "Ni kubandika tu. Nina robo saa."

Alitaja shilingi 20,000. Nikacheka kile kicheko cha mnunuzi, nikatoa 8,000, nikaangalia saa. Kijana aliangalia zile noti, akaangalia mfuko, kisha akaniangalia mimi kama mtu mwenye neno. Hakulisema. Dakika kumi na mbili baadaye nilikuwa barabarani.

Mfuko ulishika mpaka Bunju. Tulipofika Mapinga upande mmoja ulikuwa umefumuka wote, na plastiki nyeusi inayozunguka gia ilikuwa imepata ukungu mweupe kama iliyonyunyiziwa unga wa sembe. Mke wangu aliuinua ule mfuko kwa vidole viwili, kama anayeokota soksi ya mtoto, akauliza kama hiyo ndiyo aibu niliyoamka alfajiri kuiondoa.

Kwa wiki mbili nilimsema yule kijana. Nilimsema kazini, nilimsema barazani, nilimsema hata kwa mtu aliyekuwa anauliza tu wapi atapata fundi wa breki. "Pale chini ya mwarobaini usiende, ni matapeli." Mimi huyu ninayeandika safu ya nasaha, ambaye si mara moja wala mbili nimewaonya wasomaji wangu juu ya ulimi.

Aliyeniamsha ni fundi siti mmoja wa Ilala, mzee ambaye ameshona viti vya magari tangu hajaota mvi. Nilimpa shikamoo yake, nikaanza kumsimulia utapeli niliofanyiwa. Hakusikiliza sana. Alifungua kirungu cha gia, akachomoa fremu ya plastiki inayoshikilia mfuko, akaugeuza ndani nje na kuukwaruza kwa ukucha. Pale gundi ilipopita ngozi ilikuwa ngumu na kavu kama ganda la muwa.

"Supaglu," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Ulimpa muda gani, mwanangu?"

Nikasema robo saa.

Akanyanyua kopo la gundi ya manjano, ile ya mafundi viatu, akaligonga kifuniko kwa kidole. "Hii, kabla hujagusanisha chochote na chochote, inataka robo saa yake peke yake."

Basi. Hakuongeza neno, nami nilikuwa sina la kuongeza.

Nieleze alichonionyesha, maana nasaha ya leo imo humo. Gundi ile ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachoruka haraka. Unaipaka nyembamba kwenye plastiki, unaipaka nyembamba kwenye ngozi, halafu unakaa. Kimiminika kinaruka, mpira unabaki. Ukiigusa kwa kidole ikakuvuta bila kukuachia unyevu, hapo imekuwa tayari, na zimepita dakika kumi, kumi na tano hivi, kutegemea siku yenyewe. Ndipo unakutanisha pande mbili na kukandamiza kwa nguvu. Zikishakutana hazirekebishiki, kwa hiyo kona zinapimwa kabla. Fundi mwenye haraka huzikutanisha zingali mbichi, kimiminika kinanaswa katikati, na kesho jua likipiga kila kitu kinateleza. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Dar es Salaam hupita nyuzi 50 ndani bila shida. Ndiyo maana hata ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, ambayo ukiiona ikipoa unadhani umepata mwamba, hulainika tena humo garini. Silikoni nayo haina mkono wa kushika ngozi, na mbaya zaidi huacha utando ambao gundi nyingine yoyote itaukataa.

Supaglu sikuitetea, lakini mzee aliitetea, nami baadaye nikasoma habari zake. Mwaka 1942 Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Kodak huko Marekani, alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Akapata kitu kinachoganda kwenye kila kinachokigusa, akakitupa kando kwa sababu ni kero. Alikirudia mwaka 1951, na mwaka 1958 kikaingia sokoni. Katika vita vya Vietnam kilipulizwa kwenye majeraha ya askari kuzuia damu, na mpaka leo ndugu zake hutumika hospitalini kufunga mipasuko ya ngozi. Kwa hiyo si gundi mbaya. Hospitalini kazi yake ni ya siku chache; jeraha likifunga, yenyewe inabanduka. Mfuko wa gia unakunjwa mara mia katika foleni moja ya Mwenge, na supaglu ikishaganda haijui kukunjika. Inakatika. Mvuke wake ndio ulioniachia ule unga mweupe.

Halafu mzee akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya kumiliki magari. Ndani ya ile fremu kuna herufi ndogo zimechapwa kati ya vishale viwili. Nyingine huandikwa ABS. Hiyo hukubali gundi vizuri ikishakwaruzwa kwa msasa na kufutwa kwa spiriti (si petroli, alisisitiza, petroli inaacha mafuta na inawaka). Yangu iliandikwa PP. "Hii ni nduguye ndoo," akasema. "Ndoo ya maji ikipasuka umewahi kuona gundi ikiishika?" Sijawahi. Nimeona wanaoziba ndoo kwa kisu cha moto, kwa gundi sijaona. Kwa fremu ya namna hiyo, alisema, kazi kubwa itafanywa na pini za stepla, kama kiwandani walivyofanya, na gundi itasaidia tu kulaza ngozi isivimbe. Kona moja imepinda vibaya, pini haiingii. Hapo itabaki gundi peke yake. "Hapo patanyanyuka. Si leo, wala si mwaka huu. Lakini patanyanyuka, na ukiona usinitukane."

Nataka tuisikilize sentensi hiyo ya mwisho, hasa nyinyi mafundi. Mzee alinitangazia udhaifu wa kazi yake kabla sijalipa. Wengi tunaona kufanya hivyo ni kujiharibia soko. Kuna kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) kupita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyoloa juu, watu waione. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyonyeshewa. Alitakiwa aiweke juu. Gundi ya mfuko wa gia inakaa chini ya ngozi, ndani ya fremu, mahali ambapo mteja hatatia mkono maisha yake yote. Mwenye kuiweka juu ni fundi, na chombo chake cha kuiwekea juu ni mdomo.

Kijana wa mwarobaini, basi, ana kosa lake, wala silifuti kwa sababu mimi nilikuwa na langu. Alijua. Ule mtazamo wake ulikuwa wa mtu anayejua. Ilimpasa aseme, kwa adabu zake zote: "Mzee, kwa muda huu na pesa hii nitakuwekea ya haraka, na itafumuka njiani. Ukiniachia mpaka jioni nitakuwekea ya kudumu." Baada ya hapo mimi ningechagua, na lawama ingekuwa yangu kwa haki. Enyi vijana wa gereji, najua mteja aliyenuna anatisha, na najua 8,000 ya leo ni unga wa usiku wa leo. Semeni tu. Mteja akiondoka kwa sababu mmemwambia kweli, hamjapoteza ila kazi ambayo ingewarudia na matusi.

Ila mzigo mkubwa nautua kwetu sisi wenye magari, na wenye nyumba zinazojengwa, na wenye nguo kwa mafundi cherehani siku mbili kabla ya Idi. Tunaingia kwa fundi na bei yetu, muda wetu, na hukumu yetu kwamba "ni kubandika tu." Neno hilo "tu" ndilo lililochagua gundi yangu. Kijana alikuwa na kopo la manjano pale chini ya benchi, nililiona kwa macho yangu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamfungia njia ya kulifikia. Wahenga walisema ngozi ivute i maji. Ngozi ina wakati wake wa kuvutwa. Anayeivuta kwa wakati wake mwenyewe ataipasua.

Na tunapolipa kidogo kwa kitu cha haraka, tusijidanganye kwamba tumeokoa. Nililipa 8,000 kwa kijana, nikalipa 30,000 kwa mzee, na ule mfuko wa Kariakoo ukatupwa kwa sababu kingo zake zilishakauka. Mtu wa hesabu atajumlisha. Mimi kilichoniuma zaidi ni zile wiki mbili za kumsema mtu.

Niliporudi chini ya mwarobaini, nilirudi kwa miguu. Gari lina namna ya kumfanya mtu azungumze kutoka juu. Nilimkuta amelala chini ya pikapu, nikachuchumaa. Nikamwambia nimemsema vibaya mahali pengi, kwamba nilimnyima muda wa gundi kukauka, na kwamba nilikosea. Nisingependa kusema alilia au alinikumbatia. Alitoa kichwa, akafuta mikono, akasema, "Nilijua, mzee, lakini ulikuwa umeshakasirika kabla sijaligusa gari." Nikamwambia na yeye angesema. Akasema kweli. Tukaagana. Kazi ngumu ilifuata: kuwarudia wale niliowaambia "matapeli" na kulifuta neno, mmoja mmoja, barazani palepale nilipolisemea. Ukishaomba radhi kwa mtu faraghani huku umemchafua hadharani, umelipa nusu ya deni. Yule aliyetafuta fundi wa breki alinicheka sana. Haidhuru.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa fundi na kwa mteja pamoja. Wakati mzee anafanya kazi, mvulana mmoja, hakufika miaka kumi na miwili, alikuwa anazungukazunguka benchi akiliangalia kopo. Sote tunajua alichokuwa anakitaka. Kimiminika kile kinachoruka, kwenye gundi nyingi za namna hii, ni toluini, na mtoto anayeivuta siku baada ya siku anaharibu ubongo wake. Wengine moyo husimama papo hapo. Mzee hufunga kifuniko kila anapomaliza kupaka, milango ya gari huiacha wazi asivute mvuke yeye mwenyewe, na kopo likiisha huliacha bila kifuniko juu ya bati, juani, mpaka mabaki yakauke yawe mpira mtupu, ndipo hulitupa. Yule mvulana alimwita, akampa chapati na kazi ya kushika taa. Kama ukishindwa yote niliyosema leo, basi ukimaliza kubandika, funga kopo, na usimpe mtoto masazo kwa kisingizio cha kwamba ameomba.

Mfuko wa mzee una miaka miwili na miezi sasa. Wiki iliyopita, kona ile aliyoitaja imeanza kunyanyuka, kiasi cha ukucha. Nimempigia simu. Amesema nipeleke gari Jumanne asubuhi, niache funguo, nirudi Jumatano.