Mizani ya Mnunuzi, Mizani ya Muuzaji

Somo: Mithali 20:10–14



Mstari wa 14 wa somo letu unatupeleka sokoni. Mnunuzi amesimama mbele ya bidhaa anaiponda: haifai, haifai kabisa. Akishailipia na kuondoka nayo, njiani anajisifu kwa bei aliyoipata. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu za kale za Uingereza, na katika Biblia nzima hakuna mstari unaonijia mara nyingi kama huu nikiwa na lenzi mkononi. Sarafu haiozi wala haikui. Ya leo jioni ndiyo ya kesho asubuhi. Hata hivyo watu huipa madaraja mawili, moja la siku ya kununua na jingine la siku ya kuuza.

Chukua peni ya Malkia Victoria ya mwaka 1862. Ni ya bronzi, metali iliyochukua nafasi ya shaba mwaka 1860, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 9.45. Upande mmoja yupo malkia akiwa bado kijana, nywele zimefungwa kisogoni kwa utepe. Upande wa pili ameketi Britannia na ngao yake na mkuki wa meno matatu, nyuma yake mnara wa taa, mbele yake merikebu. Ukitaka kujua daraja lake usiikodolee macho tu. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, iweke chini ya taa moja, kisha iinamishe polepole mwanga upite juu yake. Sehemu zilizoinuka ndizo huliwa kwanza: nywele zilizo juu ya sikio, shavu, kifua na goti la Britannia. Nyuzi za nywele zikihesabika moja moja, peni hiyo ni ya daraja la juu. Zikiwa zimeungana zikawa bapa, imeshashuka. Ikibaki kivuli cha kichwa tu na mwaka unaosomeka kwa shida, imefika chini.

Waingereza wana ngazi ya majina, kutoka mbovu hadi isiyotumika kabisa. Wamarekani wana namba, 1 hadi 70, mfumo alioutoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yao. Lakini iwe majina au namba, kati ya daraja na daraja hakuna mstari uliochorwa, na bei inaweza kupanda mara kadhaa kwa hatua moja tu. Hapo ndipo moyo wa mtu unapoingia. Akiwa mnunuzi anauona kila mkwaruzo. Akivuka meza na kuwa muuzaji, mikwaruzo hiyo haioni tena, anaona mng'ao. Macho ni yale yale. Kilichobadilika ni upande ambao pesa inaelekea.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Angalieni vizuri: haikusema tu asiyatumie, imesema asiwe nayo. Mungu anajua kwamba mwenye mawe mawili mfukoni siku moja atalitoa lile linalomfaa.

Huko Marekani, miaka ya 1980, zilianzishwa kampuni za kuipokea sarafu, kuipa namba na kuifungia katika kiboksi cha plastiki ambacho hakifunguki bila kuvunjwa. Ni huduma nzuri na imewaokoa wengi. Ila tusisahau kilichoizaa: muuzaji na mnunuzi walikuwa hawaaminiani tena, ikabidi wamlipe mtu wa tatu awasemee ukweli.

Mtu asiye na uzoefu akipata peni ya zamani jambo la kwanza huisugua. Limau na majivu, dawa ya meno, chochote kilichopo. Bronzi hujivika rangi ya kahawia kwa miaka mia na zaidi, na rangi hiyo ndiyo ngozi yake. Ukiisugua inang'aa kweli. Lakini iinamishe chini ya ile taa, utaona michirizi myembamba isiyo na idadi, yote imefuata njia ya kitambaa. Mjuzi ataiacha hiyo achukue iliyochakaa kwa haki, kwa sababu iliyochakaa haijamdanganya mtu. Nimesikia shuhuda nyingi makanisani zilizosuguliwa namna hiyo. Dhambi imetajwa kwa mbali, haki imetajwa kwa karibu, na kila kitu kinang'aa. Toba haihitaji mng'ao. Daudi katika Zaburi ya 51 alikuja na uchafu wake wote mkononi, akasafishwa na Mungu mwenyewe.

Wapo wanaodhani jina la Mungu likiandikwa juu ya kitu, kitu hicho kimekuwa salama. Mwaka 1849 Uingereza ilitoa sarafu mpya ya fedha iliyoitwa florini, sehemu ya kumi ya pauni. Maneno ya Kilatini yanayosema kwamba malkia anatawala kwa neema ya Mungu hayakuwemo. Watu wakaghadhabika, wakaiita florini isiyo na Mungu, na ile iliyoifuata mwaka 1851 ikarudishiwa maneno hayo. Siwalaumu, walikuwa wanalipigania jina takatifu. Lakini twende hadi mwaka 1887, malkia alipotimiza miaka 50 ya kutawala. Ikatoka sarafu mpya ya fedha ya peni sita, ngao nyuma na kichwa mbele, na neema ya Mungu imeandikwa barabara. Shida ni kwamba thamani yake haikuandikwa, na kwa umbo ilifanana mno na nusu pauni ya dhahabu. Matapeli wakaipaka dhahabu wakailipia kama nusu pauni, mara 20 ya thamani yake. Mwaka huo huo ikabidi muundo uondolewe, ikaja yenye maneno ya peni sita ndani ya shada la majani. Jina la Mungu lilikuwa pale pale juu ya fedha wakati jirani anaibiwa.

Wala jengo la Mungu halikuzuia tamaa. Peni za mwaka 1933 ni chache mno, na baadhi ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo mapya. Mwaka 1970 wezi waliiondoa iliyokuwa chini ya jiwe la kanisa moja huko Leeds. Kanisa jingine la eneo hilo lililokuwa na peni kama hiyo, askofu akaagiza ifukuliwe iuzwe kabla haijafuatwa.

Anayenitia uchungu kuliko wote ni mjane. Uingereza kuna makopo ya biskuti yaliyojaa sarafu zilizobaki majumbani pale hesabu ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni ilipofutwa, tarehe 15 Februari 1971. Mume amefariki, mama anabeba kopo kwenda dukani. Mwenye duka anajua kwamba sarafu za fedha za kabla ya 1920 zina fedha halisi asilimia 92.5, kwamba kuanzia mwaka huo ilishushwa kuwa nusu, na kwamba kuanzia 1947 za kawaida hazina fedha hata chembe. Mama hajui. Waswahili husema chema chajiuza, lakini ndani ya lile kopo hakuna kinachojiuza. Kizuri na kibaya vimelala pamoja vikisubiri mtu mwaminifu avitenganishe. Mwenye duka akiona peni adimu akanyamaza, akalipima kopo zima kwa kilo, kimya chake kimesema haifai, haifai.

Kwetu Afrika Mashariki uongo hutoka upande wa pili. Mara kwa mara husikika habari za senti za mkoloni zinazotafutwa kwa mamilioni. Mfano ni senti 10 ya mwaka 1936 yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward VIII. Kwa kuwa haikubeba picha ya mfalme, ilitolewa mapema, kabla hajaachia kiti cha enzi mwezi Desemba mwaka huo, ilhali kwao Uingereza hakuna sarafu ya jina lake iliyotolewa kwa matumizi ya watu. Historia yake ni tamu sana. Bei yake ni ndogo, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Anayemweleza kijana historia akamficha wingi, huyo ameshatoa jiwe la pili mfukoni.

Katika Mathayo 13 Bwana Yesu alimtaja mfanyabiashara mwingine. Huyu aliiona lulu ya thamani, na hatusomi kwamba aliiponda. Alikwenda akauza vyote alivyokuwa navyo, akainunua. Tena sisi wenyewe, Paulo anawakumbusha Wakorintho, tulinunuliwa kwa thamani, na aliyetununua alituona chini ya taa, michirizi yote, akalipa bila kupunguza.

Basi ninawaomba. Aliye na kopo la marehemu asilisugue, wala asimpe mtu wa kwanza anayelitaka. Apate kwanza neno la mjuzi asiyenunua. Na wewe unayejua thamani ya vitu, ziwe sarafu, mashamba au vyombo vya nyumba ya msiba, mwambie mwenye mali daraja lake la kweli kabla hujamtajia bei yako.