Tangi la Samaki na Kisingizio cha Kadari

Plagi ya pampu ina pini mbili. Soketi ya ukutani ina matundu matatu. Mwenye nyumba anachukua kifuniko cha peni, anakikandamiza kwenye tundu la juu mpaka vilango vya ndani vifunguke, kisha anaisukuma plagi yake ikaingia kwa nguvu. Pampu inanguruma, mapovu yanapanda, samaki wa dhahabu wanazunguka, na wageni wanasifia sebule. Ni nyumba ngapi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ambazo kifuniko cha peni hakijawahi kufanya kazi hiyo?

Tundu hilo la juu ndilo la ethi. Kiwango cha Uingereza cha plagi ya soketi hii kilitolewa mwaka 1947, na pini yake ya ethi ilifanywa ndefu kuliko wenzake kwa makusudi: iingie kwanza, ifungue vilango, na njia ya kwenda ardhini iwe tayari kabla umeme haujafika. Plagi ikichomolewa, pini hiyo hutoka ya mwisho. Waliosanifu walikuwa wamekwisha kumfikiria mtoto mtundu na mtu mzima mwenye haraka. Ni kweli kwamba pampu nyingine zimetengenezwa zisihitaji ethi, lakini plagi ya kulazimisha hukaa ikilegea na kupata moto, na mazoea ya kifuniko cha peni hayachagui kifaa.

Siku mtu akinaswa na umeme, msibani husemwa kwamba ajali haina kinga na kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya faraja, na mfiwa anayahitaji. Hakuna haja ya kuyabeza. Taabu huanza pale maneno ya matanga yanapogeuzwa kuwa hukumu, na aliyechomeka peni akajificha nyuma ya kadari. Je, dini zenyewe zinamruhusu?

Hazimruhusu, na zimelisema hilo mapema sana. Uislamu unafundisha kwamba kila nafsi ina ajali yake iliyoandikwa, wala haisogei mbele au nyuma. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamtaka aliyeua kwa kukosea, bila kukusudia, atoe kafara, na jamaa wa marehemu wapewe diya. Kama kuandikwa kwa kifo kungemwondolea mtu dhima, diya ingedaiwa kwa lipi? Kuna pia ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha Ihya. Anayelala kwenye mkondo wa mafuriko, au chini ya ukuta ulioinama, au chini ya dari lililovunjika, huyo kwa Ghazali hajatawakali hata kidogo; amefanya lililokatazwa. Ghazali hakuijua hita ya volti 230 iliyotumbukizwa majini, lakini ukuta ulioinama aliufahamu vizuri.

Tangi la samaki lina ujanja ambao ukuta ulioinama hauna: hatari yake haionekani, na samaki wenyewe si mashahidi wa kutegemewa. Kioo cha hita kikipasuka, waya wa ndani ukagusana na maji, mara nyingi samaki huendelea kuogelea kana kwamba hakuna kitu. Maji yote yamepanda volti kwa pamoja, na mkondo haujapata pa kwenda. Ni hali ile ile ya kunguru anayetua kwenye waya wa nguzo. Anayeupatia umeme njia ni mtu aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji, akazamisha mkono kung'oa ukungu wa kijani kwenye kioo.

Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Aliona kwamba kwa wastani mwanamume hushindwa kuuachia waya mkondo unapofika kama miliampea 16, na mwanamke kama 10 na nusu. Misuli hukaza na vidole hujifumba vyenyewe. Balbu ya wati 5 hutumia zaidi ya kiasi hicho. Ndiyo maana fyuzi ya ampea 13 haimsaidii aliyenaswa: imewekwa kulinda nyaya zisiungue, na mtu anaweza kufa nayo ikiwa nzima.

Chombo kinachomlinda mtu ni kile ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali unavuja, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata. Uvujaji ukiwa mkubwa, hukata ndani ya milisekunde 40.

Hapa ndipo wafugaji wa samaki wanapokutana na swali gumu kuliko yote, na si la kifundi peke yake. RCD hiyo hiyo inaweza kukata usiku wenye nyumba wamesafiri, kwa sababu ya unyevunyevu kidogo tu kwenye ekstensheni. Pampu ikasimama, hewa ya majini ikapungua, na tangi lililojaa samaki likawa kaburi kabla ya Jumapili. Kwa hiyo wapo wanaoiruka RCD kwa makusudi, na hoja yao haitokani na uzembe: hawa viumbe nimewafungia mimi, hawana pa kukimbilia, nina wajibu nao.

Hoja hiyo ina nasaba ya heshima. Bukhari na Muslim wote wamepokea habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Kosa lilikuwa katika kufungia kusikoambatana na matunzo. Samaki wa sebuleni yuko katika hali hiyo hiyo, tena zaidi. Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi joto kama 25 mwaka mzima bila kuombwa. Samaki wake wa rangi, ambao Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha kutoka Burundi miaka ya 1970, wakifika sebule ya Ujerumani wakati wa baridi huishi kwa hisani ya waya mmoja. Aliyewatoa kwenye ziwa lao amejitwika kazi ya ziwa.

Lakini wajibu kwa samaki haulipwi kwa maisha ya mtu, hasa mtu ambaye hakuulizwa. Torati ya Musa inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukuta kuzunguka dari lake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Anayeogopewa kuanguka si lazima awe mjenzi; yeye anaujua ukingo wa dari lake. Marabi wa Talmudi waliipanua amri hiyo: Rabi Nathan alifundisha kwamba mtu asifuge mbwa mkali wala asiweke ngazi mbovu nyumbani mwake.

Tangi lenye hita iliyopasuka ni ngazi mbovu ya siku hizi. Na nani huipanda? Katika nyumba zetu nyingi, bwana ndiye anayenunua samaki, lakini Jumamosi anayeambiwa "hebu safisha tangi" ni dada wa kazi. Hajui hita ilinunuliwa wapi. Hajaambiwa kwamba inafaa kuzimwa na kuachwa ipoe kama robo saa kabla maji hayajapunguzwa, maana ikibaki nje ya maji ingali moto kioo chake kinaweza kupasuka. Akiona waya umelowa, ataufuta kwa kitambaa. Kumwambia mama yake kijijini kwamba siku ya binti yake ilikuwa imefika ni kusema neno la kweli kwa nia mbaya.

Ugumu wenyewe, ukitazamwa kwa karibu, una mlango. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alionyesha kwamba samaki wachache, konokono na mimea ya majini vinaweza kuishi pamoja kwenye chombo cha kioo bila pampu yoyote. Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe na Mkristo mshika dini, aliandika kitabu mwaka 1854 kilichoyafanya matangi hayo kuwa mtindo Uingereza. Mwanawe Edmund aliandika baadaye jinsi mtindo huo ulivyoleta watu wakakomba viumbe vya pwani. Hata baba mcha Mungu hakuona mbele kile alichokuwa akikianzisha. Ila somo la Warington lipo: samaki wachache kwenye maji mengi hawafi kwa saa chache za giza. Anayesema RCD itamuulia samaki mara nyingi anakiri kwamba amejaza tangi kupita kiasi. Pampu ndogo ya betri inayojiwasha umeme ukikatika inamaliza sehemu kubwa ya ugomvi uliobaki, na itafaa vilevile siku ya mgao.

Basi mwenye tangi afanye haya wiki hii. Kila waya upindwe chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke sakafuni. Umeme wote wa tangi uzimwe kabla ya mkono wa mtu yeyote kuingia majini, na agizo hilo lifike kwa dada wa kazi na watoto. Kisha abonyeze kile kitufe chenye herufi T kwenye RCD iliyo karibu na mita. Umeme usipokatika papo hapo, au nyumba ikawa haina RCD kabisa, amwite fundi kabla ya kununua samaki mwingine.