Ngozi Mpya, Meno Meupe

Buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaoitwa tarantula, wakiwa porini hawahamishwi na mtu. Ukitoka Kasenga kwetu, kando ya mto Luapula nchini Kongo, kuelekea upande wa Kundelungu, ukapita kwenye miombo baada ya nyasi kuungua, utayaona matundu yao: duara ndogo ardhini, ukingoni pametandwa hariri iliyonasa vumbi na vipande vya majani. Watoto wetu huingiza unyasi humo, wakausubiri uvutwe. Aliye ndani alianza na kishimo kisichopitisha hata kidole. Kila akijivua ngozi na kuongezeka mwili, huchimba kidogo, hutoa udongo, hutanda tena. Nyumba hukua naye.

Huko Australia Magharibi, mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kumfuatilia jike mmoja wa buibui wanaofunika tundu kwa mlango, ndugu wa mbali wa hawa wa kwetu. Alimpa namba 16. Jike huyo alikutwa hayupo tena mwaka 2016, akiwa amefikia umri wa miaka 43, na dalili zilionyesha kwamba ameuawa na nyigu. Maisha yake yote aliyamaliza katika tundu lile lile, akilipanua kwa kadiri ya mwili wake. Tangu niliposoma habari hiyo, namheshimu sana kiumbe anayejua kipimo cha nafasi yake bila kuambiwa.

Anayezaliwa ndani ya kikopo hana bahati hiyo. Ni lazima mtu ampimie.

Mpwa wangu anasoma Ubelgiji, na huko amenunua mtoto wa buibui. Dada yangu alipotumiwa picha aliuliza kama Ulaya kuku wamekwisha. Mimi nilitaka kujua zaidi, kwa sababu kiumbe mwenyewe ni wa upande wetu. Wataalamu humwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza Pocock mwaka 1897. Anapatikana kuanzia Angola, kupitia Kongo na Zambia, hadi Tanzania na Kenya, na wale wa rangi ya machungwa wanaopendwa na wafugaji hutajwa kwa jina la milima ya Usambara. Huyu wa mpwa wangu hakukamatwa msituni. Amezaliwa huko huko, kwa wazazi waliofugwa. Afadhali hivyo. Tanzania ilisimamisha kuuza nje wanyamapori walio hai mwaka 2016, na sioni kwa nini mnyama yeyote achimbuliwe Afrika wakati anazaliana vizuri katika nyumba za watu.

Kwa miezi mingi alikuwa kwenye kikopo cha plastiki chenye vitundu vya hewa, akilishwa vipande vya mende. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini hakumweka tangu mwanzo kwenye kisanduku kikubwa, maana pesa ya kisanduku si nyingi.

“Mjomba, humo angepotea,” akanijibu. “Mdogo akiwekwa mahali papana mno, chakula kinapita mbali naye, na mimi mwenyewe siwezi kujua kama amekula au anakufa njaa.”

Kumbe hata kuchelewa kuna hasara yake. Buibui aliyebanwa anakosa mahali pa kujinyoosha anapojivua ngozi, na mguu ulioshindwa kutoka vizuri hubaki umepinda au hukatika. Wafugaji wengi hukadiria kisanduku chenye upana wa mara tatu au nne ya buibui aliyenyoosha miguu, chenye udongo mwingi na nafasi ndogo ya juu. Hawa wa ardhini wana tumbo laini. Akipanda ukuta wa kioo akaanguka, tumbo linaweza kupasuka, na huo ndio mwisho wake.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni lile la meno. Anapokaribia kujivua, buibui hukataa chakula, tumbo linakuwa jeusi, anajifungia kwa hariri. Kisha anatoka amekuwa mkubwa, rangi inang’aa, miguu mirefu. Ukimtazama siku hiyo utasema huyu sasa ameiva, ahamishwe. Mpwa wangu alinionyesha kwa simu: meno yake ya sumu yalikuwa meupe, laini, hayawezi kutoboa hata mende mchanga. Siku zilizofuata yakawa mekundu, halafu meusi. Mpaka yalipokuwa meusi ndipo akampa chakula, na alipokwisha kula vizuri ndipo alipotayarisha kisanduku.

Kazi yenyewe aliifanyia bafuni, mlango umefungwa, kisanduku kimewekwa ndani ya hodhi la kuogea. Alikilaza kikopo ndani ya kisanduku, akafungua kifuniko, akangoja. Buibui wa aina hii hana mchezo. Hana nywele za kurusha kama wengi wa Amerika. Silaha yake ni mbio na meno, na akikuuma utapata maumivu makali na misuli kukakamaa kwa siku kadhaa, ingawa haijajulikana mtu aliyekufa kwa sumu yake. Kwa hiyo mpwa wangu hakumsukuma. Alimgusa mguu wa nyuma kwa brashi ndogo ya rangi, mara moja, akaacha. Mguu wa mbele ukatoka, ukapapasa udongo, ukarudi ndani. Tukakaa kimya sote wawili kwenye simu, yeye Ubelgiji, mimi Kasenga. Baadaye alitoka kwa ghafla, akapita chini ya gome la mti aliloegeshewa, na asubuhi yake mlango wa hariri ulikuwa tayari umetandwa.

Nimelifikiria jambo hili nikiwatazama watoto wetu. Mvulana wa Kasenga akifika miaka kumi na minne, likizo moja tu inatosha: sauti imekuwa nzito, suruali imekuwa fupi, amempita baba yake kimo. Hapo hapo ukoo unaamua kwamba amekua, apelekwe Lubumbashi. Anapandishwa kwenye lori la samaki, kilomita kama 200, anateremshwa kwenye parseli yenye watu wengi ambako hana hata pembe ya kuweka begi lake. Wengine hawafiki shuleni. Wanafuata wenzao kwenye machimbo ya shaba na kobalti. Tunaona urefu wa mwili na kusahau kwamba aliyetoka kukua ndiyo kwanza yuko laini. Meno yake bado ni meupe. Siku zile ndizo angehitaji kuwa karibu na wanaomjua.

Sisi wa Luapula tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Wazee wanakumbuka mpumbu, samaki waliokuwa wakipanda mto kutoka ziwa Mweru kila msimu wa mvua kwenda kutaga. Walivuliwa njiani, saa ile ile ya safari, matumbo yakiwa yamejaa mayai, wakapakiwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na wa ng’ambo ya mpaka. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu walikuwa wamekwisha karibu wote, na hawajarudi kwa wingi ule. Hawakuvuliwa walipokuwa na nguvu, bali walipokuwa katikati ya kubadilika.

Simwambii mtu amfungie mtoto nyumbani. Kasenga ni kikopo kwa vijana wengi. Hilo naliona kila siku pale bandarini, wanapokaa bila kazi wakihesabu mitumbwi ya Zambia. Mwenye akili ya kusoma abaki hapa akipindika kwa sababu sisi tunaogopa upweke? Hapana. Lakini aende akiwa amekwisha kula, na kule anakokwenda pawe na kona iliyoandaliwa kwa ajili yake kabla hajafika.

Binti wa dada yangu, mdogo wa yule wa Ubelgiji, amemaliza mwaka wa nane na anataka kuendelea na sayansi. Baba yake alitaka aondoke mara moja. Tumezungumza, na tumekubaliana aende Septemba, masomo yatakapoanza. Mama yake amekwisha kwenda mtaa wa Kenya, Lubumbashi, kwa shangazi wa mtoto, akaona chumba, akapima pa kuweka kitanda, akaacha chandarua na pesa ya unga. Mtoto atakwenda naye na watakaa wote wiki ya kwanza. Tumemwambia pia kwamba hata akikaa kimya siku za mwanzo, hakuna atakayemharakisha.