Je, Kunyamaza Ni Upendo?

Mume amemletea mkewe mafuta ya kujipaka yenye harufu nzuri. Mke anashukuru na kujipaka. Baada ya siku chache shingo inamwasha na kutoka vipele. Hasemi neno, asije akamvunja moyo mumewe. Je, huo ni upendo?

Mimi nauita upendo uliokosa ukweli. Ngozi ikishayakataa manukato fulani, kwa kawaida huyakataa maisha yote. Mke anaumia, na mume anamdhuru bila kujua.

Kujipaka manukato si kosa. Anayenukia vizuri humheshimu mwenzake. Lakini neno moja “parfum” kwenye chupa laweza kuficha viungo vingi. Ndiyo sababu tangu 2005 Umoja wa Ulaya umetaka viungo 26 vya manukato vinavyojulikana kusumbua ngozi vitajwe kwa majina vikizidi kiwango kilichowekwa. Mwaka 2023 sheria mpya iliipanua orodha hiyo ikapita 80.

Basi mafuta mapya yajaribuni kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, muda wa juma moja. Pakiwasha, acha. Vipele visipopona, mwone daktari.

Mama, sema kwa upole: “Baba watoto, nimeupokea moyo wako, ila ngozi yangu imekataa.” Nawe baba, usinune. Zawadi ilikuwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya sifa zako. Aliyekuambia ukweli amekuamini.