Mbao Haipokei Amri

Wahenga walinena, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mimi niliyeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, nilikuja kuielewa uzeeni, tena kwa aibu.

Baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilinunua mashua ndogo huku Bagamoyo. Mwezi wa Mei mwaka 2014 tuliipandisha ufukweni wakati wa bamvua, maji yalipojaa sana, ili maji mafu yakija yasiifikie, nasi tupate kuipaka rangi tumboni. Chombo kilichopandishwa hivyo hungoja bamvua la pili, karibu nusu mwezi, ndipo kielee tena. Lakini ilikuwa masika. Kila tulipopata siku mbili za jua, ya tatu ilinyesha.

Ikabaki siku moja. Asubuhi jua likatoka. Fundi akaweka kiganja juu ya ubao, karibu na mkuku, akasema, "Mwalimu, ngozi imekauka, nyama bado mbichi. Tungoje bamvua jingine." Nami nikahesabu samaki watakaonipotea. Nikamwamuru apake. Akapaka.

Unyevu uliofungiwa chini ya rangi hutafuta njia ya kutoka. Kabla ya mwezi kwisha rangi ilifanya malengelenge, ikabanduka vipande vipande. Hapo nikatenda kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nikakataa kumlipa fundi nusu ya ujira iliyobaki. "Wewe ndiwe fundi," nilimwambia. "Ungekataa."

Je, ndugu msomaji, aliyejua na akatii ana hatia? Nimelipima swali hili usiku mwingi. Labda anayo kidogo. Lakini mimi niliwafunza mamia ya walimu kwamba amri ya mkuu hutekelezwa kwanza, maswali baadaye. Sina haki ya kudai utii asubuhi, halafu jioni nimwadhibu mtu kwa kuwa alitii. Tena yeye alisema. Mimi ndiye niliyekataa kusikia.

Mwezi wa Agosti, kusi likivuma na mvua zimekwisha, nilimpelekea fedha yake nikamwomba radhi. Alinisamehe. Tukaipandisha mashua tena, na siku akaichagua yeye: mbao zikiwa kavu hadi ndani, umande umekwisha, jua halijawa kali. Mimi nilishika kopo la rangi.