Kura ni Ushahidi, Si Ubashiri

Ndugu Waislamu, kila uchaguzi mkuu unapokaribia, baraza zetu za Handeni na Korogwe baada ya swala ya Isha huwa ni kubashiri tu: nani atachukua fomu, jina la nani litakatwa. Muulize mbashiri kama amehakiki jina lake kwenye daftari la wapiga kura, atakuna kichwa.

Mwaka 2010 waliandikishwa watu zaidi ya milioni 20. Waliopiga kura hawakufika milioni 9.

Kura ni ushahidi, na Allah (s.w.) amekataza kuficha ushahidi (2:283). Basi tumuulize mgombea: maji ya Mto Pangani yanayovutwa Korogwe kwenda Handeni atayasimamiaje? Kisha tukashuhudie kwa haki.

Wabillahi tawfiq.