Kutu Chini ya Rangi

Si ajabu kulikuta, katika ua wa nyumba moja mtaani, gari kuukuu limelala chini ya mwembe, matairi yamekwisha upepo na kuku wametaga kwenye kiti chake cha nyuma. Watoto huligeuza uwanja wa michezo, wapita njia huliona takataka, na mnunuzi wa chuma chakavu hulipigia hesabu ya kilo. Mwenyewe peke yake ndiye anayekataa kuliuza, akisema kuwa iko siku litanguruma tena. Katika makala haya tunakusudia kuitazama nia hiyo ya kulifufua gari kuukuu nyumbani kwa fedha kidogo. Hatukusudii kumfundisha msomaji ufundi wa magari. Tunaitazama kwa sababu ndani ya kazi hiyo limejificha swali la maadili linalomhusu kila mtu aliyekabidhiwa kitu na waliomtangulia. Swali lenyewe ni hili: je, mtu asiye na uwezo wa kuuondoa ubovu wote anayo haki ya kuuficha?

Tuchukue mfano wa gari moja ambalo historia yake imefungamana na barabara zetu. Datsun 240Z ilitolewa nchini Japani mwaka 1969. Ni gari la milango miwili, lenye pua ndefu na paa linaloteremka hadi mkiani. Wafaransa waliyapa magari ya namna hiyo jina lenye maana ya "lililokatwa". Injini yake ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1971 gari la aina hiyo, likiendeshwa na Edgar Herrmann, lilishinda mashindano ya East African Safari. Na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope yaliyoyavunja magari mengi yenye sifa. Mtu aliyekuwa mtoto wakati huo, akasimama kando ya barabara akimwagiwa vumbi, hawezi kuliona gari hilo kama bati tupu. Lakini magari ya aina hiyohiyo iliyoyashinda matope yalikuja kushindwa na adui asiyepiga kelele, naye ni kutu.

Yafaa kwanza tuielewe kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni hubadilika kidogo kidogo, kikarudia hali inayofanana na ya mawe kilikotolewa. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu gari linalokaa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako upepo wa bahari huingia hadi vyumbani, huoza mapema kuliko linalokaa Dodoma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, huinua rangi, hufungulia maji njia mpya, na maji hayo huzaa kutu nyingine. Aghalabu haianzii mahali pa wazi. Huanzia pale bati lilipokunjwa na kushikizwa kwa bati jingine, chini ya zulia la sakafu, chini ya betri, na hasa ndani ya vizingiti vya milango, ambavyo ni kama mirija ya bati iliyo mitupu ndani. Vizingiti hivyo vimetobolewa matundu madogo kwa chini ili maji yatoke. Matope yakiyaziba matundu hayo, maji hukaa humo, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Kipovu cha rangi tunachokiona nje ni habari ya mwisho ya jambo lililoanza zamani.

Hapo ndipo mwenye gari anapofika njia panda. Njia ya kwanza ni nyepesi: kukwangua juu juu, kulijaza tundu kwa puti, kupiga msasa mpaka kiganja kiteleze, kisha kupaka rangi. Gari litang'aa kama jipya, na majirani watampongeza. Njia ya pili ni nzito. Fundi huligonga bati kila mahali kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza, kwa kuwa chuma kizima hulia na kilichooza hunyamaza. Huling'oa zulia na kuitoa tangi ya mafuta mbali na mahali pa moto. Hulitegemeza gari sawasawa pande zote, maana kizingiti kikikatwa bila tegemeo bodi yote inaweza kupinda na milango isifunge tena. Hulikata bati mpaka afikie chuma kizima, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litageuka tundu la ukubwa wa sahani. Kisha huchomelea kiraka kwa nukta moja moja, akiacha kila nukta ipoe, ili joto lisilikunje bati. Mwisho hupaka rangi ya kwanza yenye madini ya zinki, na kumimina mafuta mazito au nta ndani ya mirija ile ambayo hapana jicho litakaloiona.

Tofauti ya njia hizi mbili haiko katika uzuri. Siku ya kwanza huenda ile ya uongo ikapendeza zaidi. Tofauti iko katika kile kinachotokea baadaye. Gari la namna hii halina fremu ya peke yake chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na vizingiti ni sehemu ya uti wa mgongo. Kizingiti cha puti hakibebi kitu. Siku gari litakapogongwa ubavuni, atakayeumia ni abiria aliyeomba kusogezwa hadi stendi, au kijana aliyelinunua mwaka mmoja baadaye kwa akiba ya miaka mitano. Watu hao hawakuulizwa chochote. Waliiona rangi, wakaamini kuwa chini yake pana chuma.

Tunajua pingamizi litakaloletwa, na si pingamizi la kudharau. Watasema: ukweli ni anasa ya mwenye fedha. Mwalimu anayelitengeneza gari lake kwa salio la mshahara, baada ya kulipa ada na chakula, atapata wapi bati jipya, gesi ya kuchomelea na mshahara wa fundi? Mwacheni apake rangi, naye afurahi.

Jibu letu ni kwamba umaskini hupunguza mambo tunayoweza kuyatenda, lakini hautugeuzii maana ya yale tuliyoyatenda. Asiye na fedha za kukarabati kizingiti anaweza kukiacha wazi, akakipaka dawa ya asidi ya fosforasi inayoigeuza kutu nyepesi kuwa utando mgumu mweusi, akalifunika gari turubai na kungoja. Anaweza kulitembelea gari lenye mabaka ya rangi tatu, maadamu breki zake ni nzima. Anaweza kuliuza, akamwonyesha mnunuzi kwa kidole: hapa pameoza. Hayo yote hayagharimu kitu ila fahari. Kwa hakika, mara nyingi tunapodai kuwa hatuna fedha za kusema kweli, tunachokosa ni uvumilivu wa kuonekana na watu kabla hatujakamilika.

Tena bajeti ndogo, ikiongozwa na busara, huwa mwalimu mkali lakini mwema. Humlazimisha mtu kuuliza kila mwezi: lipi lije kwanza? Mwenye hekima hutanguliza yanayolinda uhai, yaani breki, usukani, matairi na chuma kinachobeba uzito. Atayabadilisha hata mafuta ya breki yanayoonekana mazima, kwa kuwa kadiri yanavyokaa hunywa unyevu wa hewa. Hufuatisha yanayozuia uharibifu usiendelee, kama vile mipira ya madirisha inayovujisha mvua. Baada ya hayo huja injini, na mapambo huja mwisho. Mjinga huanza na rangi na redio. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijazwi na haba wala na nyingi; sharti tundu lizibwe kwanza.

Wanafunzi wetu wanaweza kujifunza mengi uani hapo. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alilaumu elimu inayomtenga kijana na kazi za jamii yake. Kijana anayeisafisha kabureta, akaipanga misumari na skrubu katika makopo yenye majina, akaona kwa macho yake jinsi kemia ya darasani inavyoula mlango wa gari, huyo hajaacha masomo akaenda kuchafua mikono. Masomo yamemfuata kazini. Tena hujifunza jambo ambalo mtihani haulipimi: kufanya vizuri sehemu ambayo mkaguzi hataifikia.

Hapo hutokea swali jingine, la zamani sana. Ikiwa tumebadilisha vizingiti, sakafu, mabawa na nusu ya injini, je, gari hili bado ni lile lile? Wayunani wa kale waliuliza hivyo kuhusu merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine. Lakini wajenzi wa majahazi wa pwani yetu hawakuhitaji kufika kwa Wayunani. Jahazi hupandishwa pwani, hutolewa ubao uliotobolewa na wadudu wa baharini, hutiwa mwingine, hukalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa. Nalo hurudi majini kwa jina lake lile lile, na nahodha hasemi kuwa amepata chombo kipya. Huko Japani, lilikozaliwa gari letu, hekalu la Ise hujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, na Wajapani hulihesabu kuwa hekalu la kale. Kinachodumu katika mifano hii ni umbo, kazi na mikono inayofundishana. Lakini liko sharti moja. Kila kilichobadilishwa kijulikane kuwa kimebadilishwa. Jahazi lenye ubao mpya ni jahazi lile lile. Jahazi lenye ubao uliooza uliopakwa rangi ni mtego.

Kwa njia hii tunafika kwenye jambo kubwa kuliko gari. Nasi taifa tumerithi vitu vingi vilivyoshikwa na kutu, tukiambiwa tuvihifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyaimarisha. Wenye kuhifadhi majengo ya namna hiyo wanajua kuwa kuta za mawe ya matumbawe hutaka chokaa. Anayezipiga saruji kwa sababu saruji ni ngumu na hukauka upesi huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza nyuma ya plasta safi. Ni puti ile ile kwa jina jingine. Ngoma, miiko na lugha navyo vinaweza kutendewa hivyo hivyo: vikapakwa rangi kwa ajili ya wageni siku ya sherehe, ilhali nyumbani hakuna mtoto anayefundishwa maana yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Nasi tunathubutu kuongeza kuwa anayeuziba ufa kwa rangi atajenga kaburi.

Huenda msomaji akauliza kama gari la Japani linaweza kuitwa utamaduni wetu, na kama kila kikongwe cha chuma kinastahili kufufuliwa. Kuhusu la pili, tunakiri kuwa hakistahili. Yapo magari yaliyooza hata mifupa, na heshima yao ya mwisho ni kutoa vipuri vitakavyowafaa wenzao. Kuling'ang'ania gari kama hilo huku watoto wakikosa madaftari ni ubinafsi uliovaa joho la uhifadhi. Kuhusu la kwanza tunasema kwamba gari limetoka ng'ambo, lakini kazi ya kulitunza ni yetu, na tabia inayojengwa katika kazi hiyo ni yetu zaidi. Utamaduni wa taifa huonekana katika vitu ambavyo watu wake wamevibuni, na huonekana vilevile katika namna wanavyovitendea vile vilivyowafikia.

Tunamalizia kwa jambo dogo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulijaribu. Mnunuzi mwerevu wa gari kuukuu huchukua sumaku, akaifunga kitambaa laini isikwaruze, akaipitisha kwenye bodi. Penye chuma sumaku hushika; penye puti nene huanguka. Rangi haiwezi kuidanganya. Vizazi vitakavyotufuata vitakuja na sumaku yao, navyo vitaipitisha juu ya shule tulizojenga, juu ya sheria tulizotunga na juu ya desturi tulizodai kuzilinda. Tukiwa tumeacha mabaka yanayoonekana, watatusamehe, kwa kuwa watajua mahali pa kuendelea. Lakini wakikuta puti mahali tulipowaambia kuna chuma, hawatakuwa na pa kuanzia, na huenda watakuwa wamekwisha panda garini.